Lenzi ndefu haimsogezi ndege: mwongozo kamili wa kupiga picha ndege wa porini

Anayenunua lenzi ndefu kwa mara ya kwanza huwa na ndege mmoja kichwani: yule tai aliyemwona juu ya mti ng'ambo ya bwawa, akajiapiza kwamba akipata lenzi ya maana atamjaza kwenye fremu. Lenzi inapatikana, anarudi bwawani, na tai anatoka mdogo na mwenye ukungu. Lenzi haina kosa lolote. Kazi yake kubwa ni kupiga ndege wadogo walio karibu, na hili ndilo jambo la kulishika kabla ya mengine yote.

Tupige hesabu kidogo. Chukua shomoro mwenye urefu wa sentimita 14, lenzi ya milimita 600 (namba hii ikiwa kubwa, lenzi inavuta zaidi), na kamera yenye kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, cha milimita 36 kwa 24. Shomoro akiwa mita 10 kutoka ulipo, taswira yake kwenye kihisi ina urefu wa milimita 8.4, karibu robo ya upana wa fremu. Akiwa mita 20, ni milimita 4.2. Akiwa mita 40, ni milimita 2.1. Kwa kamera ya megapikseli 24, ambayo upande wake mpana una pikseli 6,000, shomoro huyo anapata pikseli 1,400, kisha 700, kisha 350, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Katika mita 40 jicho lake ni vijipikseli vichache tu, na hakuna programu itakayokurudishia unyoya ambao haukurekodiwa. Hapo hatujataja hewa iliyo katikati, yenye joto, vumbi na unyevu, ambayo huiharibu picha zaidi kila mita inapoongezeka.

Kwa hiyo ukijifunza kupunguza umbali kutoka mita 20 hadi 10 bila kumsumbua ndege, umefanya kazi ambayo ingehitaji lenzi ya milimita 1,200. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya hizo mita 10.

Vifaa vya kutosha

Anzia milimita 400. Chini ya hapo utapata korongo, bata na shakwe waliozoea watu, lakini ndege wadogo watakusumbua. Lenzi za zumu za 100-400 na 150-600 ndizo ninazompendekezea kila anayeanza, kwa sababu zinakuwezesha kumtafuta ndege ukiwa umefungua pembe pana kisha ukamvuta ukishampata. Lenzi ya 150-600 ina uzito wa takriban kilo 2, mzigo ambao mtu mzima anaweza kuushika mkononi kwa muda. Lenzi ya 600 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ina uzito wa kama kilo 3, kioo chake cha mbele kina kipenyo cha sentimita 15 hivi, na inataka stendi, begi kubwa na mgongo wenye afya. Picha zake ni nzuri sana. Hata hivyo lenzi uliyoiacha nyumbani kwa sababu ya uzito haipigi picha, na kwa miaka ya mwanzo ningechagua ile ninayoweza kutembea nayo asubuhi nzima.

Kamera zenye kihisi kidogo zinasaidia. Kihisi kinachoitwa APS-C hukata pembe ya lenzi kiasi kwamba milimita 400 huona kama 600 (mara 1.5, kwa Canon ni mara 1.6). Kipachiko cha kukuza cha 1.4, kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kinakuongezea urefu lakini kinakula hatua moja nzima ya mwanga, yaani nusu yake, na cha 2 kinakula hatua mbili: lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11. Kwenye lenzi za zumu za bei nafuu mimi sikishauri. Fokasi inakuwa nzito, ukali unapungua, na mara nyingi picha uliyoikata kwenye kompyuta bila kipachiko inatoka sawa au bora.

Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka upande mmoja ukiangalia upande wa pili. Kuvu huonekana kama nyuzi zilizotandaa ndani ya vioo, na lenzi ya namna hiyo iache. Vumbi kidogo si tatizo. Jaribu fokasi kwenye kitu kilicho karibu na kilicho mbali, na usikilize kama mota inakwaruza.

Panga kamera kabla hujatoka

Ndege hatakusubiri upekue menyu. Mpangilio ninaoutegemea ni huu: kamera iwe katika hali ya mwongozo, wewe uchague kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) na tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiachie kamera, kisha mwangaza uurekebishe kwa kitufe cha fidia. Hapo unakuwa umeshika mambo mawili yanayobadilisha sura ya picha, na kamera inabaki na lile moja linaloweza kusahihishwa baadaye.

Tundu: lifungue kabisa, au lifunge kidogo tu kama lenzi yako ni laini, yaani haitoi picha kali, ikiwa wazi. Usiogope kwamba ni kubwa mno, ila jua inavyokubana. Kwa milimita 600, f/6.3, ndege akiwa mita 10, sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita 10. Akisogea hadi mita 6, kina kinashuka chini ya sentimita 4. Ndio maana jicho likiwa kali mkia unaweza kuwa umefifia, na hilo ni sawa. Jicho likififia na mkia ukawa mkali, picha imekwenda.

Kasi ya shata ndipo wengi wanapopoteza picha zao. Viwango vya kuanzia ni hivi:

- Ndege aliyetulia tuli: 1/500 ya sekunde, na unaweza kushuka hadi 1/125 kama lenzi ina kituliza mtikisiko, ukipiga picha nyingi ili moja au mbili zitoke kali.
- Ndege anayetembea, kudonoa au kujisafisha manyoya: 1/1000.
- Ndege mkubwa angani, kama mwari, korongo au tai: 1/1600.
- Ndege mdogo mwenye mabawa ya kasi, kama mdiria, keremkerem au mbayuwayu: 1/3200 na kwenda juu.

ISO itapanda, nawe iache ipande. Picha yenye chenga lakini kali husafishika kwa programu za siku hizi. Picha laini iliyotikisika haina dawa. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, kwa sababu manyoya meupe na meusi yanahitaji nafasi ya kurekebishwa ambayo faili ya JPEG haina.

Fidia ya mwangaza inataka uelewe jinsi kamera inavyodanganyika. Kipimamwanga chake kinataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Yangeyange mweupe mbele ya kichaka cheusi, akiwa mdogo kwenye fremu, huifanya kamera iangaze kupita kiasi ili kuokoa kile kichaka, na manyoya yote yanaungua yakawa karatasi tupu. Shusha hatua 1, hata 1.7. Ndege yuleyule akijaza fremu, kamera hufanya kinyume chake, inamtia kijivu, na hapo unapandisha. Ndege anayeruka mbele ya anga jeupe hugeuka kivuli cheusi usipopandisha hatua 1 hadi 2. Washa onyo la sehemu zilizoungua, piga picha moja ya majaribio mara tu ufikapo, na kama weupe unamweta kwenye mwili wa ndege, shusha.

Fokasi iwe ya mfululizo muda wote, ili ifuate anaposogea. Kamera mpya zina utambuzi wa jicho la ndege, nao umebadilisha kazi hii kweli, utumie. Ila ndege akiwa katikati ya matawi na majani, utambuzi hurukia tawi la mbele. Kwa hiyo panga kitufe cha pili chenye nukta moja ndogo ya fokasi, ukibonyeza kidole kimoja unahamia huko. Ningeshauri pia kuhamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa dole gumba, kidole cha shahada kibaki na kazi ya kupiga tu. Itakuchanganya wiki ya kwanza. Baada ya hapo hutarudi ulikotoka. Kama lenzi ina swichi ya kuweka kikomo cha fokasi, iweke isitafute vitu vya karibu sana, maana lenzi inayokwenda hadi mwisho na kurudi huchukua muda wa kutosha ndege kuondoka.

Kuishika, na kumpata ndege ndani ya kitazamio

Lenzi ya milimita 600 inaona upana wa mita 1.2 tu kwenye umbali wa mita 20. Kila anayeanza hukutana na jambo hili: ndege anamwona vizuri kwa macho, ananyanyua kamera, na ndani ya kitazamio kuna majani matupu. Mbinu ni moja, nayo inafundishika. Mkazie ndege macho, usiyahamishe, kisha ilete kamera usoni huku macho yakiwa bado pale pale. Ukishusha macho kutafuta kamera umempoteza. Kwa lenzi ya zumu, anza pembe pana, mweke katikati, ndipo uvute. Kabla ya hayo, tayarisha fokasi kwa kulenga kitu kilicho kwenye umbali unaokaribiana na wa ndege, kwa sababu lenzi ikiwa imelenga mita 5 na ndege yuko mita 30, ndani ya kitazamio haonekani kabisa hata akiwa katikati.

Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi, mbele kuliko unavyodhani, kiganja kikitazama juu. Viwiko vibane mbavuni. Mguu mmoja mbele, magoti yalegee kidogo, pumua nje, bonyeza polepole. Kaa chini kila unapoweza na uweke viwiko juu ya magoti. Uthabiti unaongezeka sana. Ukiegemea mti au ukuta, afadhali zaidi.

Stendi ya miguu mitatu yenye kichwa cha gimbali, kile kinachobeba lenzi kwenye mhimili wa uzito wake mpaka unaizungusha kwa kidole, ndiyo bora kwa lenzi nzito na kwa kusubiri sehemu moja. Stendi ya mguu mmoja inafaa ukitembea. Ndani ya gari hakuna kinachoshinda mfuko mdogo uliojazwa mchele au maharage, uwekwe dirishani na lenzi ilale juu yake. Zima injini. Mtetemo wake unaingia kwenye picha hata usipouhisi mkononi.

Jizoeze kwa njiwa, kunguru na shakwe. Wako karibu, ni wengi, hawaogopi sana, na mabawa yao yanakufundisha kila kitu utakachohitaji siku ya ndege adimu.

Mwanga na upepo, kabla ya ndege

Ukifika mahali, simama kwanza ujibu maswali mawili: jua liko wapi, na upepo unatoka wapi? Jua liwe mgongoni mwako, kivuli chako kikielekea kwa ndege. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza na mbili za mwisho kabla halijazama, mwanga unaingia chini ya mbawa na kuwasha nukta ya mng'ao ndani ya jicho. Nukta hiyo ndogo ndiyo inayompa ndege uhai katika picha. Jicho lisilo nayo huonekana kama shimo. Kuanzia jua linapopanda sana, macho yanaingia kivulini na hewa inaanza kucheza juu ya ardhi. Mchezo huo wa hewa ndio chanzo cha malalamiko mengi ya lenzi kuwa laini: hewa ya moto na ya baridi hupinda mwanga, na hakuna kasi ya shata itakayoiponya. Ukiona kwenye kitazamio ukingo wa ndege unachezacheza, sogea karibu au funga kazi. Angalia pia usipige juu ya boneti la gari lililokuwa likitembea, maana joto lake linapanda mbele ya lenzi.

Siku ya mawingu usibaki nyumbani. Ndege weusi tii na weupe pe hupendeza zaidi chini ya mawingu mepesi kuliko juani, maana mwanga hauna ukali wa kuunguza weupe wala vivuli vya kuficha weusi.

Upepo hauzungumzwi vya kutosha. Ndege hutua na kuruka wakiuelekea upepo, kwa sababu unawapa nguvu ya kunyanyuka na breki ya kutulia. Maana yake ni kwamba upepo ukitoka nyuma yako, ndege wanaotua watakuja wakikutazama, vifua na mabawa wazi. Ukikupiga usoni, utapata mikia siku nzima. Asubuhi yenye jua na upepo vyote viwili mgongoni ni zawadi, na inafaa kubadilisha mpango wa siku kwa ajili yake. Vikipingana, chagua jua kwa ndege waliotulia, na upepo kwa wanaoruka.

Kumkaribia ndege

Njia bora ya kumkaribia ndege ni kumwacha akukaribie wewe. Tafuta anakotaka kwenda, ufike kabla yake, ukae chini, utulie. Mdiria hurudi kwenye tawi lilelile juu ya maji. Keremkerem hunyakua nyuki hewani akarudi kwenye kituo chake kumgonga-gonga tawini kabla ya kummeza. Chozi hulirudia ua lenye asali. Ndege wa ufukweni wanaokula kwenye matope hufuata ukingo wa maji, kwa hiyo maji yakiwa yanajaa, kaa juu kidogo ya ukingo na usubiri: bahari yenyewe itakusogezea ndege hadi karibu na miguu yako, na wao ndio watakaoamua umbali. Kwangu hakuna mbinu nzuri kuliko hiyo, kwa sababu ndege anayeendelea kula mbele yako hufanya mambo yake yote ya kweli, na ndege anayekuogopa hufanya jambo moja tu, kuogopa.

Ikibidi kusogea, sogea hivi. Punguza umbo lako: inama, chuchumaa, tambaa. Usimwendee moja kwa moja. Pita mshazari kana kwamba unaelekea kwingine, na usimkodolee macho, maana macho mawili yanayotazama mbele ni dalili ya mwindaji. Hatua chache, simama. Piga picha moja ili azoee sauti, au tumia shata isiyo na sauti. Subiri hadi arudie alichokuwa akifanya, ndipo uchukue hatua nyingine. Nguo za rangi zilizopoa zinasaidia, lakini mwendo ndio unaokusaliti zaidi kuliko rangi.

Msome. Ameacha kula? Amenyoosha shingo juu? Amebana manyoya mwilini akawa mwembamba? Anainama mbele, anatikisa mkia, anatoa mlio mfupi wa tahadhari? Umeshafika mwisho. Simama, rudi hatua mbili, na mara nyingi atatulia. Ukiendelea ataruka, umemfanya apoteze nguvu na mlo, na umewashtua wengine wote waliokuwa karibu. Kwa ndege anayepumzika katikati ya safari ndefu ya kuhama, au aliye kwenye baridi kali, hasara hiyo si ndogo.

Gari ni maficho mazuri kupita yote. Ndege wengi wanaomkimbia mtu aliye mita 50 huvumilia gari lililosimama mita 10. Ukifungua mlango umeharibu kila kitu, kwa hiyo kaa ndani, tumia dirisha.

Na ukishafika, shuka. Lenzi iwe usawa wa jicho la ndege. Bata aliyepigwa kutoka usawa wa mtu aliyesimama ni ndege ndani ya maji; bata huyohuyo akipigwa na mtu aliyelala kifudifudi ukingoni anakuwa kiumbe mwenye uso, na nyuma yake maji yote yameyeyuka kuwa rangi. Tofauti hiyo haina gharama yoyote isipokuwa nguo kuchafuka. Kama lenzi inakaa chini sana kwako kutazama, tumia skrini inayokunjuka.

Mandharinyuma

Lenzi ndefu inayeyusha kilicho nyuma, lakini kwa sharti: kiwe mbali. Ndege akiwa mita 8 kutoka kwako na majani yakiwa mita moja nyuma yake, majani yatabaki yakivuruga picha. Majani yakiwa mita 30 nyuma, yanakuwa pazia laini. Kwa hiyo kati ya matawi mawili yenye ndege, chagua lile lililojitenga. Kisha sogeza kichwa, nusu hatua tu kushoto au kulia. Kwa pembe nyembamba ya lenzi hii, nusu hatua inaweza kuondoa kijiti cheupe kilichokuwa kinatoka kichwani mwa ndege, au kumhamisha kutoka mbele ya anga tupu hadi mbele ya kilima chenye kivuli.

Muachie nafasi upande anaotazama. Ngoja ageuze kichwa kidogo kuelekea kwako; akikigeuzia kando, picha inampoteza mtazamaji hata kama kila unyoya ni mkali. Ukiwa karibu sana, usikate ncha ya mkia wala vidole vya miguu kwa bahati mbaya. Ama mchukue mzima, ama kata kwa makusudi umpige kichwa na kifua.

Kujua kitakachotokea

Kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde haikuokoi usipojua lini uanze kubonyeza. Bata akimaliza kuoga, karibu kila mara hunyanyuka juu ya maji na kupiga mabawa mara kadhaa. Mlenge, muachie nafasi ya mabawa juu na pembeni, usubiri. Ndege aliyemaliza kujisafisha hujinyoosha bawa moja na mguu wa upande huohuo, kisha upande wa pili, kwa hiyo ukiukosa wa kwanza una nafasi nyingine. Kulastara anayewinda hutembea polepole, hukaza, shingo ikajikunja; tangu hapo usitoe jicho kwenye kitazamio. Tai na mwewe mara nyingi hujisaidia, kisha huinama mbele, muda mfupi kabla ya kuruka. Ukiona dalili hiyo, pandisha kasi ya shata kwanza na upunguze zumu kidogo, kwa sababu mabawa yaliyofunguka ni mapana zaidi kuliko mwili uliokuwa umeujaza kwenye fremu.

Anayeruka

Anza na ndege wakubwa wanaoruka polepole kwa mstari ulionyooka. Simama miguu imeelekea mahali unapotaka kumpigia, kisha geuza kiuno kumfuata nyuma kule anakotoka. Hivyo anapofika mbele yako mwili wako unakuwa umejikunjua, haujajipinda. Mdake akiwa bado mbali, mfuate kwa mwendo wake, fokasi ikishika ndipo upige kwa vipande vifupi vya nusu sekunde hadi sekunde moja. Endelea kumfuata hata baada ya kuachia kitufe, maana anayesimama ghafla hutikisa picha za mwisho. Kituliza mtikisiko kiweke kwenye hali ya kufuata, ambayo kwenye lenzi nyingi imeandikwa 2.

Tumia eneo pana la fokasi kwa ndege aliye peke yake angani, na eneo dogo anapopita mbele ya miti. Mabawa yanapendeza zaidi yakiwa juu kabisa au chini kabisa. Yakiwa usawa na mwili, ndege anaonekana kama hana mabawa. Kuhusu shata ya kielektroniki: kwenye kamera nyingi inasoma kihisi mstari baada ya mstari, na mabawa ya kasi yanatoka yamepinda kwa namna isiyo ya kweli. Kama kamera yako haina kihisi cha kusoma haraka, rudi kwenye shata ya kimakanika kwa picha za angani.

Viota

Kwa mpigaji anayeanza nina neno moja: usipige viota. Ndege aliyefukuzwa kiotani anaacha mayai yapoe au yachomwe na jua, na kunguru wanaokufuatilia kwa macho wanajifunza ulikosimama. Ukisogeza jani moja ili uone vizuri, umeondoa kivuli na maficho ya makinda. Ndege wanaotaga chini wanaweza kukuchezea kwa kuburuta bawa kana kwamba limevunjika. Mtu asiyejua hushangilia na kupiga picha, kumbe anaambiwa aondoke kwenye mayai. Rudi kwa njia uliyojia, ukitazama unapokanyaga. Wengine hawaigizi, wanashambulia. Eric Hosking, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa wapiga picha wa ndege mashuhuri wa karne ya 20, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937 kwa makucha ya bundi karibu na kiota.

Usicheze sauti za ndege kwa simu msimu wa kuzaa. Dume anayesikia mpinzani asiyemwona huacha kulisha makinda akahangaika kumtafuta.

Ukirudi nyumbani

Nakili kadi kwanza sehemu mbili, ndipo ukague. Chuja bila huruma: ikuze kila picha asilimia 100, tazama jicho. Halikai sawa, futa. Kati ya kumi zinazofanana bakiza ile yenye kichwa kilichogeuka vizuri na mng'ao jichoni.

Urekebishaji uwe mfupi. Kata fremu, rekebisha mwangaza, punguza chenga kwenye mandharinyuma, ongeza ukali kwenye ndege peke yake. Rangi usizipandishe sana: ndege wengi hutambuliwa kwa tofauti ndogo za rangi, na picha yako inaweza kumpotosha anayetaka kujua ni ndege gani. Andika jina la ndege, tarehe na eneo kwa ujumla ndani ya faili. Kabla ya kuichapisha mtandaoni, kwa ndege adimu, bundi au yeyote anayezaa, futa taarifa za mahali ambazo kamera au simu imezihifadhi, na usimtajie mtu mti wenyewe.